Mishipa ya Miaka Sabini na Moja

Kaka yangu Florentin Shako ni muntu wa kuchosha, na niko na haki yote ya kusema hivyo, juu tulikaa naye tumbo moja miezi tisa. Sisi ni mapasa. Kwetu, upande wa Kibombo, mapasa hawatafutiwi majina, wanakuja nayo: mumoja Shako, mwingine Omba. Yeye njo Shako, mimi njo Omba, na padri akaongeza Florentin na Odile. Mama mumoja, siku moja, mukeka mumoja, mwaka wa 1968. Sasa munielezee: mumoja anawezaje kuwa na miaka hamsini na sita, na mwenzake miaka sabini? Karte zetu za uchaguzi njo zinasema hivyo. Mimi hamsini na sita, yeye sabini. Nikianza kuifikiria hiyo hesabu, kichwa kinaniuma.

Florentin ni fundi wa kinga hapa Alunguli. Kinga, baiskeli, ni mamoja. Tangu ujana wake ananyoosha maringi, anafunga cheni, anaziba mipira. Pikipiki zilipojaa katika komini yetu, mafundi wengi wa kinga waliacha kazi wakaenda kuchimba dhahabu kule Kama. Yeye akasema mupira ni mupira, akajifunza kuziba ile ya pikipiki. Kazi anaijua, sitamunyima. Anashika mupira mukononi, anauvuta kidogo, anakuambia kama utafika nao Lubutu au utakuacha njiani. Hakosei.

Lakini ni muzee, na hapo njo hasira yangu inaanza. Kwenye matanga Florentin anapewa kiti cha mikono, mbele, karibu na wafiwa. Vijana wanamuinukia. Bwana na bibi wakipigana, yeye njo anaitwa. Iko katika kamati ya wazee wa kartie, mutaa wetu, na kabla ya kusema neno anakohoa kwanza mara mbili, polepole, ili watu wanyamaze. Yeye! Yule aliyekuwa anaiba sukari ya mama na kunisingizia mimi! Na mimi, pasa wake, ninakaa kwenye mukeka na wanawake wengine, na watu wanamuuliza: "Papa Shako, dada yako mudogo hajambo?" Mudogo. Jameni.

Ule uzee hakuupata polepole kama watu wengine. Aliupata siku moja, wakati wa vita.

Mwaka wa 2002 Kindu, muji wetu, ilikuwa imefungwa. Ndani walikuwa wenye bunduki, porini walikuwa wenye bunduki wengine, na sisi katikati. Ukienda shambani unapigwa risasi, ukibaki nyumbani unalala njaa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila mafuta, wiki baada ya wiki, mpaka watoto wakasahau ladha ya chumvi. Na wale wa ndani walikuwa wanachukua wanaume kubeba masanduku ya risasi kupitia pori, mpaka upande wa Kama. Walichukua kuanzia miaka kumi na nane mpaka arobaini na tano. Wengi hawakurudi.

Basi Florentin akaenda kwa karani mumoja wa zamani aliyekuwa bado na muhuri katika mufuko wa koti, akarudi na karatasi: amezaliwa mwaka wa 1954. Jana yake alikuwa na miaka thelathini na inne, siku hiyo akawa na arobaini na nane. Akanyoa kichwa, akaacha ndevu, akazipaka majivu, akatafuta na fimbo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na katika siku zile kicheko kilikuwa kitu adimu. Mimi njo nilimufundisha kuinuka kwenye kiti kama baba yetu: kushika magoti, kuvuta pumzi, kuguna, halafu kusimama. "Guna vizuri!" nilimuambia. "Unaguna kama kijana anayebeba maji!"

Rémy, bwana yangu, hakutaka karatasi kama ile. Tulikaa parseli moja na Florentin, yeye nyumba ya mbele, sisi nyumba ya nyuma. Rémy alikuwa mwalimu wa shule ya musingi, Alunguli nzima ilimujua. "Nikisema niko na miaka hamsini," alisema, "wanafunzi wangu watacheka mbele ya askari, na nitapigwa risasi juu ya kicheko." Alikuwa na thelathini na nane. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi nilienda mutoni kufua, Francine wetu akiwa mugongoni. Niliporudi, Rémy hayuko. Florentin alikuwa amekaa katika kiwanja, akaniambia walimukamata njiani akienda soko.

Nilimutafuta miezi mingi. Nilisimamisha kila muntu aliyetoka Kama, nikamuuliza juu ya mwalimu murefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Mpaka leo hakuna kaburi, hakuna habari. Francine alikuwa na miaka inne.

Florentin njo alimulea, hilo pia sitamunyima. Alimubeba kwenye kinga kumupeleka shule, akamushonea viatu na vipande vya mipira, akakaa naye mezani akimusomesha hesabu ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Hakuoa. Siku Francine alipopata diploma ya ualimu kama baba yake, Florentin alilia kuliko mimi, mpaka nikaona haya.

Vita vilipoisha, wakaja kuandikisha watu kwa ajili ya uchaguzi. Nikamuambia, "Sasa rudisha miaka ya watu." Akasema atairudisha baadaye. Akapigwa picha ya karte na mwaka wake wa 1954. Uchaguzi mwingine, 1954 tena. Mwingine, vilevile. Kila mara nilipiga kelele, na kila mara yeye alikohoa mara mbili. Nikajisemea, basi, ni kiburi, amependa kiti cha mbele. Niliamini hivyo karibu miaka ishirini.

Mwaka huu, mwezi wa sita, radio ikatangaza kwamba ng'ambo ya muto, mujini, kwenye kituo kimoja cha afya, iko mashini yenye inapima ugumu wa mishipa ya damu, bure, kwa wote waliopita miaka hamsini. Nilisimama palepale na mwiko mukononi. Baba yetu alianguka shambani akiwa na miaka hamsini na nane. Upande mumoja wa mwili ukafa, mudomo ukapinda, siku ya tatu tukamuzika. Na Florentin alikuwa anaamka na kichwa kinamuuma. Akipanda kutoka kivukoni, anasimama katikati ya njia, anajifanya anaangalia muto. Mutazame muntu mwenye amekaa kando ya huu muto maisha yake yote, leo eti anauangalia! Nilimusukuma mpaka akaingia katika pirogi, mutumbwi wa kuvuka.

Munganga aliitwa Sandrine, mwanamuke wa Bukavu, sauti ya upole, macho ya kuchoka. Alitulaza, kila muntu kitanda chake, na pazia katikati. Dakika kumi bila kusema. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu. Halafu akatufunga mukanda wa upepo kwenye paja, mumoja mumoja, akaweka kitu kama kalamu kwenye shingo, pale damu inapopiga, na mistari ikaanza kupanda na kushuka kwenye kompyuta.

Alieleza vizuri, sina la kumulaumu. Moyo ukipiga, alisema, unatuma wimbi. Kama mushipa ni laini, unapanuka kidogo kulipokea, na wimbi linatembea polepole. Kama mushipa umekuwa mugumu, haupanuki, na wimbi linapita mbio, linaenda kugonga ubongo, figo, na moyo wenyewe. Mashini inapima wimbi linatumia muda gani kutoka shingoni mpaka kwenye paja, halafu inakuambia mishipa yako iko na umri gani. Kwa kawaida, alisema, mishipa inazeeka pamoja na mwenye mishipa. Matata ni pale inapomutangulia.

"Ni kama mupira wa ndani," Florentin akasema nyuma ya pazia. "Mupya unapokea upepo, unavimba vizuri. Ule wa zamani umekauka. Unasukuma, unasukuma, unakataa, halafu unapasuka pembeni."

"Ni vile kabisa, papa," munganga akasema. "Sasa usiseme."

Mimi nilipata metre nane na nusu kwa sekunde: mishipa ya miaka hamsini na saba. Florentin alipata metre kumi na mbili na zaidi: mishipa ya miaka sabini na moja. Tansio yake, presha ya damu, ilikuwa kumi na tano kwa tisa. Nilimufikiria baba. Lakini munganga aliangalia karte, akaangalia kompyuta, akatabasamu.

"Hongera, papa. Karte sabini, mishipa sabini na moja. Unatembea sawasawa na umri wako. Tansio iko juu kidogo, lakini kwa muzee wa miaka sabini tunaweza kungoja. Punguza chumvi, tembea kila siku, urudi baada ya miezi sita."

Dawa za kila mwezi, alieleza, zilikuwa kwa wale ambao mishipa yao imewapita kwa miaka kumi au zaidi. Hao njo wenye hatari ya kuanguka wakati wowote. Programu iliwatafuta hao.

Nikafungua mudomo. Florentin akanifinya mukono na vile vidole vyake vya fundi, mpaka nikaona nyota.

Katika pirogi nililipuka. "Uko na miaka hamsini na sita! Mishipa imekupita kwa miaka kumi na tano! Hukusikia? Hao njo wenye hatari!"

"Munganga amesema hongera."

"Amemupa hongera muntu mwenye hayuko! Muntu wa 1954 hayuko, Florentin! Tulimutengeneza na majivu!"

Watu wote katika pirogi wakageuka. Yeye akakohoa mara mbili, akaangalia maji. Na jioni hiyohiyo alikuwa anawaambia wateja wake eti mashini imeona mwili wake uko sawasawa, hakuna kasoro. Nilitamani kumupiga na pampu.

Kesho yake nikavuka tena, peke yangu, nikangoja toka asubuhi mpaka saa nane ndipo nikaingia. Munganga Sandrine alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kama kweli iko na miaka hamsini na sita, hiyo ni habari nyingine kabisa. Huyo ni muntu wa kuanza dawa leo. Lakini siwezi kuandika umri wenye unaletwa na dada. Karte inasema 1954."

"Mimi ninaitwa Omba, yeye Shako! Uliza muntu yeyote wa kwetu, hayo ni majina ya mapasa!"

"Mama, shofere wetu pia anaitwa Shako. Naye ni pasa wako?" Hakusema kwa ubaya. Nje kulikuwa bado na watu wengi wanangoja. "Mashini haisomi majina, inasoma mwaka. Aje mwenyewe, na karatasi ya shefu wa kartie, na shahidi mwenye anajua alizaliwa lini."

Nikaenda kwa shefu wa kartie. Anaitwa Ismaël, kijana mwerevu, lakini anapenda usingizi wake. Alipoelewa nilichokuwa ninataka, alishika kichwa.

"Mama Odile, unataka kuniletea matata? Papa Shako njo anakata mashauri ya kartie hii miaka kumi sasa. Nikimufanya kijana wa hamsini na sita, kila aliyeshindwa atarudi hapa na kusema alihukumiwa na muntu asiyefika umri. Nitalala lini?"

"Kwa hiyo afe ili wewe ulale?"

"Sijasema hivyo, mama. Aje yeye mwenyewe aseme. Akisema, nitaandika."

Aje mwenyewe, aje mwenyewe! Kila mulango neno ni lilelile, na mwenyewe iko pale anaziba mipira. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwenye kibanda chake cha kazi. Alikuwa ameinama juu ya beseni ya maji, anatafuta tundu katika mupira. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Sikujali wateja.

"Unataka kufa juu ya kiti!" nikamupigia kelele. "Juu ya kiti cha matanga! Haya, kufa! Watakuweka mbele kabisa, hakuna mwenye atakaa mbele kuliko wewe!"

Wale wateja wakashika kinga zao, hata hazijapona, wakaondoka. Florentin akaacha mupira ndani ya maji. Hakukohoa.

"Si kiti, Odile."

"Ni nini basi?"

"Ni Rémy."

Akasema polepole, akiangalia vidole vyake vilivyojaa gundi. Asubuhi ile Rémy hakukamatwa njiani. Askari watatu waliingia katika parseli yetu, wakataka mwanaume mumoja. Kila parseli ilitoa mumoja. Florentin akatoka na fimbo yake na ndevu zake, akawaonyesha karatasi. Mukubwa wao akaisoma, akasema, muzee, wewe kaa chini, nani mwingine yuko? Florentin akakaa, akanyamaza. Rémy akatoka mwenyewe nyuma ya nyumba, mikono bado iko na sombe aliyotoka kuitwanga na kuiweka motoni. Wakamuuliza miaka, akasema thelathini na nane. Wakamuwekea sanduku begani.

"Ingetosha aseme neno moja," Florentin akasema. "'Huyu si muzee, ni pasa wa muke wangu.' Neno moja tu, wangefuta majivu kwenye ndevu zangu na kunichukua mimi. Mimi nilikuwa na nguvu, sina muke, sina mutoto. Aliniangalia, Odile. Nilimuona anafikiria. Halafu akafunga mudomo, akaenda. Na mimi nilikuwa nimekaa. Nilikaa kama walivyoniambia. Sasa unataka nisimame mbele ya Ismaël niseme mimi ni wa 1968? Siku ile njo ilikuwa siku ya kusema."

Nilitaka kumupiga, mikono ikakataa kuinuka. Nikaenda nyumbani.

Siku tatu sikumupelekea chakula, sikumusalimu, nilipita kando ya kibanda chake kama hakuna muntu. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimutemee nani. Nilimukasirikia Florentin. Nilimukasirikia Rémy pia, ndiyo, Rémy! Nilikuwa ninatwanga na kusema naye peke yangu jikoni: ulikuwa na mutoto, ulikuwa na mimi, kwa nini hukusema? Ungesema! Ungemutoa! Nilifikiria hivyo juu ya kaka yangu mwenyewe, na sitaficha. Halafu, siku ya tatu, nikakumbuka ni nani aliyemufundisha kuguna. Nilikuwa nimecheka sana siku ile. Hapo njo nililia, na nililia vibaya.

Siku ya inne Francine akaja mbio. Yeye hakujua kitu, alijua tu kwamba sisi wawili hatusemezani. "Mama, mujomba ameangusha ufunguo wa kazi. Mukono wa kuume haumutii. Anataka kusema, maneno hayatoki!"

Nilikimbia na muguu mumoja bila ndara. Tulipofika, ile hali ilikuwa imeanza kupita. Alikuwa amekaa chini, anafungua na kufunga vidole, anatutabasamia. Tabasamu lilikuwa la upande mumoja. Niliwahi kuliona mara moja tu, kwa baba.

Nikamutuma Francine akatafute pirogi. Tulipobaki peke yetu nikamurushia Florentin shati lake.

"Vaa. Tunapita kwa Ismaël kwanza, halafu tunavuka."

"Odile, mimi..."

"Nyamaza! Wewe unafikiri hiyo miaka ni yako? Rémy njo alikupa. Miaka ishirini na mbili. Mimi niliilipia, Francine aliilipia, na sisi hakuna mwenye alituuliza. Huna ruhusa ya kuitupa juu ya kuona haya. Sikusamehe, sikia vizuri, sikusamehe. Lakini dawa utakunywa. Vaa shati!"

Akavaa. Vidole vilikuwa bado vizito, mimi njo nilimufunga vifungo.

Ismaël alipotuona, alisimama. Nikamuambia tunataka karatasi, sasa hivi, na siyo kesho. Aliangalia uso wa Florentin, akaona lile tabasamu, akavuta kalamu bila kubishana. Na niseme ukweli, alikuwa na huruma. "Nitaandika kosa la karani," akasema. "Ilikuwa vita, muntu gani hana kosa la karani? Hakuna mwenye atauliza. Mama Odile utie sahihi kama shahidi, basi, mumemaliza."

Mimi nilikuwa tayari. Nilitaka tu tuvuke. Lakini Florentin akashika meza.

"Hapana," akasema. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja. "Andika nilidanganya, juu niliogopa kuchukuliwa. Na Rémy, shemeji yangu, akachukuliwa pahali pangu."

Ismaël akaweka kalamu chini. "Papa Shako, hiyo itasomwa na watu. Kamati itaisoma."

"Isomwe."

Ikaandikwa. Nikatia sahihi chini yake, Odile Omba, tumezaliwa siku moja, na jina likapanda juu ya mustari.

Ng'ambo, munganga Sandrine akasoma ile karatasi mara mbili, akamuuliza Florentin juu ya ule mukono, na safari hii hakutabasamu. Akaingiza 1968 katika kompyuta. Namba zilikuwa zilezile, mwili uleule, mashini ileile iliyotupa hongera. Kitu pekee kilichobadilika ni mwaka, na ule mustari wa Florentin ukageuka mwekundu. Munganga akapaza sauti kuita muuguzi. Walimulaza siku tano. Alitoka akitembea mwenyewe, na dawa aina tatu, za kunywa kila asubuhi mpaka mwisho wa maisha, na munganga akaniambia kando, mulangoni: "Mama, mwezi mumoja zaidi, sijui." Nilitaka kumukumbatia na kumufokea kwa pamoja.

Kamati ya wazee ikakaa bila yeye, ikamutoa. Kwenye matanga ya kwanza baada ya hapo alikaa nyuma, kwenye benchi, na vijana wawili wapumbavu wakamusalimu, "Jambo, kijana!" Alivumilia. Mimi nilivumilia kidogo tu, halafu nikawaambia yangu, na hawatarudia.

Kilibaki kitu kimoja. Francine alikuwa amesikia maneno maneno katika kartie, alikuwa ananiangalia, hajauliza. Nilimuambia Florentin: "Huyo utamuambia wewe, na mudomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno."

Alimuambia asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya nyumba. Francine alisikiliza amesimama, madaftari ya wanafunzi wake kifuani. Florentin hakujitetea. Alisema askari walivyoingia, karatasi, fimbo, ndevu, alivyoambiwa akae na akakaa. Mimi nilikuwa karibu na mulango, na ninasema wazi, nilikuwa ninangoja amulilie, amutukane, afanye kile ambacho mimi sikuweza kukifanya.

Francine hakulia. Aliuliza kitu ambacho mimi, katika hasira yangu yote, sikuwa nimekiuliza.

"Alisema nini alipokuwa anaondoka?"

"Alisema niangalie sombe motoni, isiungue. Alikuwa anawapikia nyinyi, mukirudi kutoka mutoni."

"Na uliiangalia?"

"Hapana," Florentin akasema. "Iliungua. Nilikuwa nasikia harufu, na sikuinuka."

Francine akatikisa kichwa polepole. Akaweka madaftari chini, akaingia ndani, akatoka na zile dawa tatu za asubuhi na kikombe cha maji. Akavitia katika mikono ya mujomba wake, akasimama pale mpaka alipomeza ya mwisho. Halafu akaokota madaftari yake, akaenda shule, juu alikuwa amechelewa.